Je, wajua? Ukitaka kukata kulia, baiskeli huanza na kushoto

Swali lenyewe ni la kumwuliza mtoto wa darasa la pili. Uko juu ya baiskeli, unakwenda mbio, mbele kuna kona ya kulia. Usukani unaupeleka upande gani?

Mimi niliulizwa saa kumi na mbili asubuhi, kando ya barabara ya Njoro kuingia Nakuru, na fundi mmoja mzee aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda akitia tyubu yangu kiraka. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimeshiriki mashindano ya vyuo mara saba, nimevaa kaptura ya kubana na jezi yenye jina la chuo mgongoni. Fundi alikuwa na koti la mvua na kumbukumbu za miaka aliyobeba abiria kwa baiskeli ya Black Mamba kule Busia, mji uliotupa neno boda boda, kutokana na wale waliokuwa wakivusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine.

"Kulia, Mzee," nikajibu bila hata kufikiri.

"Basi ndiyo maana kila wiki nakuona hapa, kijana wangu."

Jibu sahihi ni kushoto. Si kwa muda mrefu, wala si kwa kiasi ambacho mwendeshaji mwenyewe atakiona. Ni kitambo kidogo tu, gurudumu la mbele linahama sentimita chache, kisha linarudi na kufuata kona kama kila mtu anavyotarajia. Lakini bila zile sentimita chache za kwenda upande usiotakiwa, baiskeli iliyo kwenye mwendo haikati kona.

Nilibisha, bila shaka. Mtu anayeamka saa kumi na moja kasorobo kila siku ili apande na kushuka kilomita arobaini kabla ya lekcha ya saa mbili hawezi kukubali kwamba hajui usukani wake unaelekea wapi. Fundi hakubishana nami. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha na kulikuwa na dimbwi mbele ya kibanda chake, na baada ya dimbwi lami iliyokwisha kukauka. Akaniambia nipite katikati ya maji kwa mwendo mzuri, kisha nikate kulia kwa ghafla, nirudi tuangalie.

Tuliangalia. Mistari miwili ya maji ilikuwa imelala juu ya lami, ya tairi la mbele na la nyuma. Ilitoka dimbwini imenyooka. Halafu mstari wa mbele ukapinda kushoto, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Baada ya hapo ndipo ukageuka na kuondoka kulia. Nilirudia mara tatu, nikijitahidi nisifanye hivyo. Mara zote tatu alama ilikuwa pale pale.

Nimejifariji baadaye kwa kujua kwamba nimekosea pamoja na watu wengi. Wilbur Wright, ambaye yeye na ndugu yake Orville walikuwa na duka la baiskeli huko Dayton, Ohio, kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, alikuwa na mazoea ya kuwauliza waendeshaji wanavyokata kushoto. Wengi walisema wanageuza usukani kushoto. Akiwabana, baadhi walikubali kwamba labda kwanza waliupeleka kidogo upande wa pili. Hakumpata hata mmoja aliyeeleza jambo zima sawasawa kwa mara ya kwanza, na hao walikuwa watu waliokuwa wakiendesha kila siku.

Kosa letu lina sababu nzuri. Karibu kila kitu kingine chenye magurudumu kinatii tunavyofikiri: gari, trekta, mkokoteni wa maji, hata kile kibaiskeli cha magurudumu matatu ambacho mtoto huanzia. Ukigeuza kulia, kinakwenda kulia, basi. Tena, sehemu kubwa ya kona usukani wa baiskeli kweli huwa umeelekea kulia. Ukinipiga picha katikati ya kona, picha itanitetea. Kwa hiyo jibu letu ni sahihi kwa swali jingine, lile la usukani uko wapi wakati kona inaendelea. Swali la fundi lilikuwa kona inaanzaje.

Kona ya baiskeli huanza kwa kulala. Fikiria uko ndani ya matatu, umesimama, na dereva anakata kulia kwa fujo: mwili wako unatupwa kushoto, na kinachokuokoa ni bega la jirani au ule mwamba wa kushika juu. Mwendesha baiskeli hana jirani wala mwamba. Kitu pekee kinachoweza kumzuia asitupwe nje ni uzito wake mwenyewe, akiwa ameshalala kuelekea ndani ya kona. Na kiasi cha kulala si cha kukisia. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, ukienda kilomita 18 kwa saa unalala kama digrii 7, kitu ambacho mtazamaji hawezi hata kukigundua. Ongeza mwendo ufike kilomita 36 kwa saa na utahitaji kama digrii 27. Mwendo umeongezeka maradufu, lakini nguvu inayokutupa nje imeongezeka mara nne.

Sasa, nani atakulaza? Hapa ndipo wengi husema, "Unainama tu." Lakini ili uiname kulia lazima usukume kitu, na hewani hakuna cha kusukuma. Ukitupa mabega yako kulia, fremu ya baiskeli chini yako inakwenda kushoto kukujibu. Kitu pekee cha kusukuma ni ardhi, na njia pekee ya kuifikia ni vile vipande viwili vidogo vya raba vinavyogusa lami.

Chukua ufagio wenye mpini mrefu. Usimamishe juu ya kiganja, kichwa kikiwa juu. Ukishatulia, jaribu kutembea nao kulia. Ukipeleka mkono kulia moja kwa moja, kichwa cha ufagio kinabaki nyuma, kinaanguka kushoto, na mchezo umekwisha. Kila mtoto aliyewahi kuchunga mbuzi akicheza na fimbo anajua dawa yake ingawa hajawahi kuisema: mkono unateleza kwanza kushoto, kidogo tu. Kichwa cha fimbo kinaanza kuanguka kulia. Hapo ndipo mkono unakifuata kulia, na wewe na fimbo mnaondoka pamoja, fimbo ikiwa inaanguka daima bila kufika chini.

Ufagio ni wewe na fremu. Kiganja ni matairi. Kuteleza kushoto ni ule mpindo wa maji kwenye lami, na kule kufuata ndiyo kona ambayo kila mtu anaiona. Kuna jambo lingine ambalo ufagio unalifunua, nami nalipenda kuliko yote. Ili usimame, mkono lazima ukimbie zaidi kuelekea kule fimbo inakoangukia, uipite, uinyanyue. Kwa maana hiyo, ili utoke kwenye kona ya kulia na unyooke tena, unaongeza usukani kulia. Kuingia kulia ni kwa kushoto, kutoka kulia ni kwa kulia zaidi. Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani aliniomba nizime taa tulale.

Kwa mikono, yote haya yanakuwa rahisi kuliko yanavyosikika: sukuma mpini wa kulia mbele, baiskeli inalala kulia. Nahodha wetu alikuwa akitupigia kelele hivyo hivyo kwenye mteremko wa kutoka Nandi Hills kushukia Chemelil, ambako unaanza ukiwa kwenye majani ya chai, meno yakigongana kwa baridi, na unamaliza kwenye miwa ukitafuta maji. "Sukuma mkono wa ndani!" Nilikuwa nikidhani ni namna tu ya kusema tujikaze.

Kuna wanaosema kwamba baiskeli inasimama kwa sababu magurudumu yanazunguka, kama pia ya mtoto inavyosimama ikizunguka. Mimi pia niliandika hivyo kwenye mtihani mmoja wa fizikia na nikapewa alama, jambo ambalo bado linanisumbua. Gurudumu linalozunguka kweli lina ukaidi wa aina hiyo, na unachangia kiasi. Ila mwaka 1970 Mwingereza David Jones alifunga gurudumu la pili kando ya lile la mbele, likizunguka kinyume ili kuufuta huo ukaidi. Akaipanda baiskeli yake na ikaendeshwa vizuri tu. Mwaka 2011 watafiti kutoka Uholanzi na Marekani walitengeneza kibaiskeli kisicho na mwendeshaji ambacho ukaidi wa magurudumu ulikuwa umefutwa, na hata ule mpangilio wa tairi la mbele kugusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani, ambao wengi huusifu kwa kunyoosha baiskeli, ulikuwa umegeuzwa. Ukikisukuma, kilijiendesha wima na kujirekebisha kikiyumbishwa. Kinachobaki hapo ni mazungumzo ya hesabu ndefu, maana hakuna sifa moja ya baiskeli unayoweza kuinyooshea kidole useme ndiyo inayoisimamisha yenyewe. Lililo wazi ni kwamba baiskeli inayojisimamia, ikianza kuanguka upande mmoja, huupeleka usukani wake upande huohuo ili matairi yarudi chini ya uzito. Ni ufagio tena, isipokuwa mkono haupo.

Kama haya yangekuwa ya mabishano ya hosteli pekee nisingeandika. Lakini yanaeleza ajali yangu ya mwaka wa kwanza, ambayo kwa muda mrefu niliilaumu lami.

Unajua ukingo wa lami uliomeguka, pale barabara inapoishia ghafla na udongo uko chini kwa kina cha kiganja. Nilikuwa naendesha karibu kabisa na ukingo huo, upande wa kushoto kama sheria inavyotaka, tairi likiwa labda upana wa vidole viwili kutoka kwenye pengo. Lori likapiga honi nyuma yangu. Nikaona shimo mbele, nikaamua nisogee kulia upesi. Sikusogea kulia hata kidogo. Baiskeli ilikwenda kushoto, ikadondoka ukingoni, nami nikaingia lekcha ya saa mbili nikiwa na kiwiko kilichofungwa kwa leso na tope hadi shingoni.

Miaka miwili nilisema kwamba upepo wa lori ulinisukuma. Pengine ulichangia. Lakini upepo wa lori linalopita ungenipata lori likiwa kando yangu, na hili lilikuwa bado nyuma. Kilichonidondosha kinaelezeka bila lori: ili niondoke ukingoni kwenda kulia, matairi yalipaswa kwanza yaende kushoto, na kushoto hakukuwa na barabara. Ndiyo maana anayejifunza hujikuta "amevutwa" na mtaro au ukuta aliokuwa akiukwepa. Kadiri anavyotaka kuukwepa kwa nguvu, ndivyo mikono yake inavyolipeleka gurudumu huko huko. Siku hizi naacha shubiri nzima kati ya tairi na ukingo. Nikikuta nimesogea mno, napunguza mwendo na kutoka taratibu, kwa sababu kona ya polepole inadai hatua ndogo zaidi ya upande usiofaa.

Kwa mwendo wa kutembea hesabu hubadilika sura. Unayumba kulia na kushoto muda wote, na kila myumbo tayari ni mlalo wa bure. Unasubiri tu baiskeli ianguke upande unaoutaka halafu unaifuata, ndiyo maana alama ya kupinda haionekani vizuri. Ukitaka kujaribu dimbwi, usijaribu kwa kujikokota. Uende mwendo wa mtu aliyechelewa, na uwe uwanjani, si barabarani.

Na wale wanaoendesha bila kushika usukani? Wanaugeuza kwa kiuno. Wanaisukuma fremu ilale kushoto kidogo, gurudumu la mbele linajibu kwa kuelekea kushoto, mwili unaanza kuanguka kulia, na mengine tumeshayasema. Nimejaribu kutafuta alama yao kwenye lami nikapata mstari uliochafuka kiasi kwamba sithubutu kuutumia kama ushahidi.

Ushahidi mwingine niliupata Kisumu, nao una mipaka yake, maana ni watu wawili tu. Wote walikuwa wameendesha boda za pikipiki kwa miaka kabla ya kuhamia tuktuk. Tuktuk ina mpini kama wa pikipiki, lakini ina magurudumu matatu, hailali, na kwa hiyo inatii kama gari: mpini kulia, kulia. Niliwauliza siku ya kwanza ilikuwaje. Mmoja alisema hakuona tofauti. Wa pili aliangalia pembeni kwanza, kisha akaniambia kwamba alipotoka Kondele na kushika mwendo alitaka kukata kulia, akasukuma mkono wa kulia kama alivyozoea, na tuktuk ikaelekea kushoto moja kwa moja kwa mama wa omena. Alifunga breki kabla ya meza. Mama alimwuliza, "Wewe umejifunza kuendesha wapi?"