Sura ya Kristo haikuanza na Constantine

Wengi huamini kwamba Constantine, kaisari wa Roma, mara tu alipoupokea Ukristo, aliweka sura ya Yesu kwenye sarafu. Sivyo. Kwa miaka mingi baada ya 312 sarafu zake ziliendelea kumwonyesha Sol, mungu jua wa Warumi. Alama za Kikristo zilikuwa chache na ndogo.

Aliyeiweka sura hiyo kwenye sarafu za kawaida ni kaisari Justinian II, katika utawala wake wa kwanza, 685 hadi 695. Itazame dhahabu yake: mbele yupo Kristo mwenye ndevu na nywele ndefu, msalaba nyuma ya kichwa. Kaisari mwenyewe kahamia upande wa pili, kasimama na msalaba mkononi, akiitwa mtumishi wa Kristo. Kwa mtawala wa Kirumi, kumwachia Kristo upande wa mbele lilikuwa jambo zito mno. Chini ya makaisari wa baadaye waliopinga picha takatifu, sura hiyo haikuonekana. Kaisari Michael III aliirudisha baada ya 843, upinzani huo ulipokwisha.