Baraza la Wafanyakazi Linapogeuka Kikao cha Kupokea Maagizo

Taasisi nyingi za umma nchini Tanzania zinapotaka kuachana na uongozi wa amri na kujenga uongozi unaomthamini mtumishi, huanza kwa kuandaa semina. Kwa maoni yangu pa kuanzia ni baraza la wafanyakazi, chombo ambacho tayari wanacho, kinachowakutanisha menejimenti na wawakilishi wa watumishi.

Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ndio ulioagiza mabaraza hayo yaundwe katika mashirika ya umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika kifungu cha 15, ukamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika kifungu hicho kwa mikono miwili. Migogoro mingi ya kazini iliyofuata ilitokana na namna mameneja walivyowatendea walio chini yao, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliwafungia nje wenye kiwanda na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Madai ya heshima kazini, kwa hiyo, hayakuletwa na washauri wa menejimenti wa siku hizi.

Niliwahi kualikwa kutoa mada katika baraza la taasisi moja. Makabrasha ya bajeti yaligawiwa mlangoni asubuhi ileile, na kabla ya chakula cha mchana mwenyekiti akauliza kama kuna maoni, ilhali rasimu ilikwisha kupelekwa wizarani. Mjumbe wa madereva aliuliza habari za matairi ya gari la safari za wilayani. Nilipofungua muhtasari wa kikao kilichopita nikakuta aliuliza hilohilo, na kwenye yatokanayo, sehemu ya kufuatilia hoja za vikao vilivyotangulia, pameandikwa: "Suala linafanyiwa kazi." Alijibiwa vivyo hivyo, akaketi, na hakunyoosha mkono tena hadi kikao kilipofungwa.

Hasara ya uongozi wa amri huanzia hapo. Dereva ndiye anayejua tairi limekwisha kiasi gani, kama ambavyo karani wa masjala ndiye anayejua jalada limekwama meza ya nani; wakishaona kwamba kusema hakubadilishi kitu, taarifa hizo hubaki kwao, na mkuu wa taasisi huendelea kuamua kwa kutegemea ripoti zilizopambwa na wasaidizi wanaomwogopa. Ukimya huo wengi huuita nidhamu.

Simaanishi kwamba kiongozi aombe kura kwa kila uamuzi, wala kwamba mtoro aachwe kwa kuwa ni binadamu. Maamuzi mengine ni ya mkuu peke yake, na ni vema aseme hivyo waziwazi badala ya kuigiza ushirikishwaji, kwa sababu kumwomba mtu maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa humuudhi kuliko kutoulizwa kabisa.

Yanayowezekana ni mambo madogo. Rasimu ya bajeti iwafikie wajumbe wiki mbili kabla ya kikao, ingali inabadilika, ili wapate muda wa kukaa na wenzao idarani. Ajenda ikusanywe pia kutoka kwa wajumbe, si kutoka ofisi ya mkuu pekee. Na kila hoja kwenye yatokanayo iandikwe jina la mhusika, tarehe ya kukamilisha, na pale inapokataliwa, sababu ya kukataliwa: kwamba fedha ya matairi haikutengwa mwaka huu, na kwamba gari hilo, kwa sasa, halitakwenda wilayani.