Sukari ya 9 haiumi

Kila inapokaribia 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, huwa tunatoa meza nje na kupima watu bure karibu na soko, hapa Tabora mjini. Foleni yake huwa ndefu kuliko ya kliniki, na nimeshazoea kuwakuta humo wagonjwa wangu mwenyewe, watu wenye kadi na dawa nyumbani, wamekuja kimyakimya kuangalia kama bado wanaumwa. Safari iliyopita alikuwamo mzee mmoja wa upande wa Uyui ambaye kliniki alikuwa hajaonekana miezi minne. Nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni.

"Nimepona, mwanangu. Sisimizi hawaji tena chooni."

Asubuhi ile alikuwa hajanywa hata chai. Mashine ikasoma 9.4, yaani milimoli kwa lita ya damu, kipimo cha namba zote za sukari ya damu humu. Nilipomwonyesha akacheka: "Nilianza na 22. Hiyo 9 nayo ni sukari?"

Nimeombwa niandike kuelimisha umma juu ya madhara ya kisukari. Ningeweza kuorodhesha macho, figo, moyo, mishipa ya fahamu na miguu, nikamaliza. Lakini orodha hiyo wagonjwa wetu wanaijua, wengine wanaikariri kuliko wauguzi wapya. Ninachokiona mimi kwenye benchi la kliniki ni kwamba mgonjwa anaijua hatari vizuri kabisa, ila anaipima kwa anavyojisikia. Asiposikia kitu, hatari ni ya jirani.

Kwa hiyo nianze na sisimizi. Mzee wangu hakuwa anasema upuuzi. Waganga wa India ya kale waliutambua ugonjwa huu kwa wadudu haohao kuufuata mkojo. Figo huchuja damu, kisha huirudisha sukari iliyochujwa. Ina kikomo chake: sukari ikizidi takriban 10 kwenye damu, figo inazidiwa na inayobaki inamwagika kwenye mkojo. Ikimwagika inavuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa anakojoa usiku kucha, ana kiu, anakonda, na sisimizi wanajipanga. Dawa zikiishusha sukari chini ya 10, figo inarudisha yote, mkojo unakuwa hauna utamu, kiu inaisha, usingizi unarudi. Mtu anajisikia mzima kabisa.

Sasa angalia namba. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula chochote, ikifika 7 hicho tayari ni kisukari. Dalili zinatoweka chini ya 10. Kati ya 7 na 10 pana chumba kizima ambamo mwili haupigi kelele hata kidogo, huku mishipa midogo ya macho na figo inaendelea kuharibika mwaka hadi mwaka. Wagonjwa wengi ninaowaona wakiwa wamechelewa hawakuwa wamekaa na sukari ya 25 muda wote. Ya 25 ingewaleta hospitali mapema. Walikaa na ya 9 na ya 10 za asubuhi, wakila, wakilima, wakicheza ngoma harusini.

(Kwa mtu aliyekwisha kula, namba 9 ina maana nyingine. Saa mbili baada ya chakula, wengi tunawawekea lengo la kubaki chini ya 10. Ndiyo maana muuguzi anakuuliza umekula saa ngapi. Hakuulizi ili akuchunguze maisha yako.)

Ukimya huohuo uko miguuni, na huko ni mbaya zaidi kwa sababu watu wanaupokea kama nafuu. Miguu huanza kwa kuwaka moto na kuchomachoma kama pilipili. Mgonjwa analalamika, anakanda, hapati usingizi. Kisha siku moja maumivu yanaisha, na anakuja kunishukuru. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mishipa ya fahamu imeacha kufanya kazi. Ganzi imeingia.

Nina mfano mmoja ambao sitausahau. Mkulima wa tumbaku alikuja kuchukua dawa tu, tarehe yake ilikuwa imefika. Nikamwambia avue katambuga zake za tairi. Ya kulia haikuvuka. Msumari ulikuwa umepita kwenye tairi ukaingia kwenye nyama ya chini ya dole gumba, na alikuwa ametembea nao tangu jana yake, kutoka shambani hadi nyumbani, na asubuhi kutoka stendi hadi kwetu. Alipouona ndipo alipokunja uso, kwa mshangao, wala si kwa maumivu. Mkewe akasema taratibu, "Jana nilimwambia mbona unachechemea." Tulimsafisha, tukampa antibayotiki na sindano ya pepopunda, na kwa kuwa hatukuchelewa mguu ulipona. Wengine hufika wiki ya tatu, mguu ukiwa mweusi na unanuka, baada ya kuzungushwa kwa waganga, kwa madai kwamba walikanyaga tego. Sina ugomvi na imani ya mtu. Ninachoomba ni kwamba kidonda cha mgonjwa wa kisukari kioneshwe kwetu ndani ya saa 24, kiwe kidogo kama punje ya mtama, na ukitaka kwenda kwingine uende baada ya hapo. Na kila jioni mwombe mjukuu atazame nyayo zako na katikati ya vidole. Tikisa viatu kabla ya kuvaa. Kwenye bani la kukaushia tumbaku usisogeze miguu kwenye moto kwa kuamini utasikia ukiungua, maana hutasikia.

Nimezungumza sana miguu, na hapo nami nimeanguka kwenye kosa la wagonjwa wangu. Ukiwauliza wanaogopa nini, karibu wote wanasema kukatwa mguu. Mguu unaonekana. Lakini duniani kote kinachowaua zaidi watu wenye kisukari ni moyo na mishipa ya damu, yaani shambulio la moyo na kiharusi. Mtu akianguka ghafla msibani wanasema "presha", na kisukari chake cha miaka kumi na miwili hakitajwi. Presha na sukari zikikaa kwenye mwili mmoja, madhara hayajumlishwi tu, yanachocheana. Mgonjwa anayemeza dawa za sukari na kuacha za presha kwa kuwa "kichwa hakiumi" anarudia hesabu ileile ya sisimizi. Na anayevuta sigara juu ya hayo, sijui nimwambie nini. Najua tunakaa mkoa wa tumbaku. Kuilima ni jambo moja, kuivuta ukiwa na kisukari ni jambo jingine.

Hapa niseme kitu kuhusu "sukari ya kupanda" na "sukari ya kushuka". Hayo si magonjwa mawili. Nimeshasema hili redioni, kanisani, msikitini, na juzi tena mama mmoja ameniambia kwamba yeye ana ya kushuka kwa hiyo anaruhusiwa soda. Mama yangu, sukari yako ilishuka kwa sababu ulimeza kidonge saa 12 asubuhi ukaenda kupalilia hadi saa 8 mchana bila kula. Kidonge cha glibenklamaidi kinafanya kazi siku nzima, hakisubiri chakula chako. Ikishuka chini ya 4 utatetemeka, utatoka jasho jembamba, utaongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi, na hapo ndipo sukari inaposaidia: vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena au angalia hali, rudia ikibidi, kisha kula chakula. Mgonjwa akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mlete. Na aliyeshukiwa na sukari kwa sababu ya kidonge hicho, hata akizinduka, mlete vilevile, maana sukari inaweza kushuka tena usiku.

Kijiko kikubwa cha asali nacho kinatosha kwa kazi hiyo, na hapa ndipo ninapowanasa watu wa Tabora. Sote tunaisifu asali ya Sikonge, nami ninayo nyumbani. Lakini nikiambiwa "asali haina shida, ni ya nyuki" huwa nauliza: mbona inamwamsha aliyeshukiwa na sukari? Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 17 za sukari, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari nyeupe. Damu haijui kama iliyoingia imetoka kwenye mzinga au kiwandani. Matobolwa vivyo hivyo, ni kiazi kilekile, kimekauka tu, na mkono unachota kingi zaidi bila kushiba. Embe moja dogo kwa siku mimi sikatazi. Sahani ya maembe chini ya mwembe, ndiyo ninayoikataza. Na ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, lakini dona nalo lina kipimo.

Insulini. Wapo wanaosema ukianza sindano umefika kituo cha mwisho, na wanatoa ushahidi: shangazi alianza sindano, miezi sita baadaye akapofuka. Shangazi alikataa sindano miaka minne. Macho yaliharibika katika miaka hiyo minne, na insulini ikakuta nyumba imeshaungua. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anaishi kwa insulini tangu siku ya kwanza, na kabla ya insulini kugunduliwa kule Toronto mwaka 1921 watoto hao walikufa karibu wote. Kwa asiye na friji: chupa uliyoanza kuitumia inakaa siku 28 mahali pa baridi, mbali na jua, na mtungi wa udongo ulioloweshwa maji nje unafaa. Ifunge kwenye mfuko isiingie maji. Usiigandishe. Iliyoganda ikayeyuka haifai tena, hata ikiwa inaonekana safi.

Sasa utaratibu, maana malalamiko mengi yanatoka hapo na nimeagizwa niueleze kikamilifu. Siku ya kliniki usile tangu saa 4 usiku. Maji ya kunywa yanaruhusiwa, chai ya rangi isiyo na sukari nayo usinywe, inatuletea ubishi usio na sababu. Dawa za sukari za asubuhi usizimeze nyumbani, njoo nazo pamoja na chakula chako, utazitumia ukishapimwa. Njoo na vidonge vyote ndani ya pakiti zake, siyo ndani ya karatasi ya daftari, hata vya presha, hata vya mganga. Kadi ya kliniki inaandikwa namba kwenye rejesta kabla ya kupimwa, kwa hiyo aliyesahau kadi anasubiri wenye kadi waishe. Aliyekosa tarehe hafukuzwi. Anaandikiwa tarehe mpya na kupewa dawa za muda mfupi hadi atakapoonwa, si za miezi miwili. Barua ya rufaa inatolewa baada ya kuonwa, haitolewi kwa simu wala kwa ndugu. Kadi ya bima ni ya mwenye picha. Kumwazima kaka yako ni udanganyifu, kadi inaweza kuzuiwa, na anayezuiwa ni mgonjwa wa kweli. Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa robo tatu irudishe kituoni. Usitupe jalalani watoto wanapookota.

Kuna wanaofunga kula siku tatu kabla ya kliniki ili namba itoke nzuri. Tunawajua. Kipimo cha miezi mitatu (HbA1c) kinaonyesha wastani wa sukari wa muda wote huo, kwa sababu sukari hung'ang'ania chembe nyekundu za damu ambazo huishi takriban siku 120. Kwa wengi tunataka kiwe chini ya asilimia 7. Tahadhari moja: mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kupata jibu lisilo sahihi, kwa hiyo atuambie mapema.

Macho yapimwe kila mwaka hata kama unasoma gazeti bila miwani. Utatiwa matone ya kutanua mboni, utaona ukungu kwa saa kadhaa, usiendeshe pikipiki kurudi. Mkojo nao upimwe protini kila mwaka.

Kuhusu wanaotangaza kumaliza kisukari kwa chupa tatu: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, inamtaka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na anayeivunja anashtakiwa. Ukiuziwa dawa ya namna hiyo tunza chupa, lebo, risiti ya malipo ya simu na tarehe, upeleke kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Usiitupe kwa hasira, bila chupa hakuna ushahidi. Sisemi mitishamba yote ni utapeli. Metformini yenyewe, dawa ya sukari ambayo nusu ya benchi langu wanaimeza, ina asili yake kwenye utafiti wa mmea. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeniletea mtu aliyeponywa, huku walioacha dawa wakisubiri kuponywa naletewa kwa machela.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wengi wao hawakuwa wanajua, na hao kuwalaumu siwezi. Wanaonisumbua ni wanaojua.

Makala hii haichukui nafasi ya maelekezo ya daktari wako. Namba nilizozitaja hulegezwa kwa mzee sana na hukazwa kwa mjamzito.

Yule mzee alirudi kliniki Jumanne iliyofuata, na kadi, na vidonge ndani ya kitambaa. Tulipomaliza akaniuliza kama awe anaendelea kuwaangalia wale sisimizi. Nikamwambia wakirudi aje siku hiyohiyo, na wasiporudi aje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.