Chakula cha mtoto aliye mahabusu si sehemu ya adhabu

Mtoto anapopokelewa katika mahabusu ya watoto au shule ya maadilisho, wengi huuliza amefanya nini na kesi yake imefika wapi. Sisi maafisa lishe tunaanza na mizani. Uzito na urefu wake, tukivilinganisha na umri kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007 (miaka 5 hadi 19), hutuonyesha kama amekonda, amedumaa au amenenepa kupita kiasi. Aliyekuwa akilala nje anaweza kufika na upungufu wa damu, minyoo au upele, na asipochunguzwa ataingia bwenini navyo.

Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinampa haki ya kuonwa na daktari mara tu anapopokelewa. Zinataka pia chakula cha kutosha kwa saa za kawaida za mlo na maji safi ya kunywa wakati wote. Kumpunguzia mtoto chakula, kanuni hizo zinasema kupigwe marufuku kwa sababu yoyote ile. Yoyote: hata akipigana, hata akijaribu kutoroka. Mtoto mwenye njaa hukasirika upesi na darasani hashiki kitu, kisha tunamwita mkaidi.

Jikoni, kosa ninalolipigia kelele zaidi ni upawa mmoja kwa wote. Wa miaka 10 na wa miaka 16 hawawezi kupimiwa sawa, kwa sababu kipindi cha balehe mwili hukua kwa kasi na kudai nguvu, protini na kalsiamu zaidi. Msichana aliyevunja ungo anahitaji madini chuma ya kufidia damu ya hedhi. Bajeti ikiwa finyu, jamii ya kunde na mboga za majani husaidia sana, hasa zikiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, linalousaidia mwili kufyonza madini hayo. Chai isubiri mlo upite, maana huzuia ufyonzwaji huo. Na mboga zisichemshwe hadi zilegee kisha maji yake yamwagwe. Vitamini nyingi huondoka nayo.

Tahadhari moja mlezi asiisahau: mtoto aliyekaa siku nyingi bila kula asijaziwe sahani kwa huruma. Chakula kingi kwa ghafla huweza kuvuruga chumvichumvi za damu hadi moyo ukadhurika. Mhudumu wa afya aitwe, naye ataelekeza aanze na kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Baada ya hapo, apimwe kila mwezi. Uzito ukishuka, chunguzeni kifua kikuu, ambacho huenea upesi kwenye mabweni yaliyosongamana; ulizeni pia kama wakubwa wanampokonya chakula, au kama huzuni imemkatisha hamu ya kula. Siku anayotoka, rekodi zake za uzito, chanjo na dawa akabidhiwe mzazi au mlezi, ili kituo cha afya cha karibu na nyumbani kiendelee pale tulipoishia.