Vyeti Kumi Havigeuki Digrii

Hapana, vyeti kumi vya kozi fupi havijumlishwi vikawa digrii. Swali hili nimelijibu kwenye vikao, kwenye simu, hata nje ya msikiti baada ya Ijumaa, na juzi mzee mmoja kanishika mkono hapa Ngamiani aniulize kwa niaba ya mjukuu wake. Basi naandika, ili kuanzia leo niwe natuma kiungo tu.

Kazi yangu ni kukagua vyeti vya waombaji wanaotaka masomo yao ya nyuma yahesabiwe. Mafaili yanakuja yamenona, kila cheti ndani ya nailoni yake. Unafungua cha kwanza: nembo, saini mbili, muhuri wa dhahabu, “ameshiriki kikamilifu”. Kashiriki, alhamdulillahi. Mimi nikifanyie nini? Hakisemi alisoma saa ngapi, ngazi ipi, wala kama kuna mtu aliyempima. Cheti cha semina ya hotelini, chai na maandazi juu ya mwandaaji, kinawekwa kapu moja na cheti cha kozi iliyopimwa.

Cheti cha kozi fupi, ambacho Waingereza wanakiita micro-credential, kikiwa cha maana kinataja aliyekitoa, alichokiweza mwanafunzi, ngazi, krediti, namna alivyopimwa na aliyethibitisha ubora. New Zealand iliviingiza vyeti hivi kwenye mfumo wake wa elimu mwaka 2018, kila kimoja krediti 5 hadi 40. Umoja wa Ulaya ukapitisha pendekezo lake juu ya vyeti hivi Juni 2022. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye hizo krediti. Watu wanaziona namba wanadhani ni sarafu ya nchi moja. Kwetu, kwa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza: darasani, kujisomea, mazoezi, mtihani, vyote humo. Ulaya, krediti moja ya ECTS, mfumo wao wa kuhesabu krediti, ni saa 25 hadi 30. Binti akileta cheti cha krediti 5 kutoka chuo cha Ujerumani, amefanya kazi ya saa 125 hadi 150, yaani krediti 12 na nusu hadi 15 za kwetu. Karani akimwandikia 5, kamdhulumu. Sasa mgeukie mwenye vyeti kumi vya saa 20 kila kimoja. Jumla saa 200, krediti 20. Digrii ya kwanza inataka zisizopungua 360! Na hizo 20 ni kwa ukarimu wangu, kana kwamba vyote vilipimwa, vyote ni vya ngazi ya digrii, na hakuna kinachorudia kingine. Nani kaniletea faili la namna hiyo? Ninayoyapata mimi yana utangulizi wa kompyuta mara nne, na kila utangulizi unaanza na kuwasha mashine.

Ngazi nayo haipandi kwa kurundika. Vya ngazi ya 4 vikifika hamsini, bado uko ngazi ya 4.

Msiniite adui wa kozi fupi. Fundi umeme aliyesomea sola wiki chache, akapimwa kwa kufunga mtambo ukawaka, akapewa karatasi inayosema hivyo hivyo, huyo kapata kitu, na digrii hakuiomba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa kwa anachokijua tayari, kisha anapewa cheti. Sisi wa vyuo vikuu tungeanza kujifunza kwao kabla ya kukimbilia majukwaa ya mtandaoni.

Lipo jambo linalonisumbua ambalo miongozo hailigusi. Hata vipande vikiwa halali vyote, sijashawishika kwamba aliyesoma takwimu kwa vipande sita, kwa walimu sita, anaiona takwimu nzima. Mitihani inapima kipande. Lakini nikisema hivyo nakumbuka ripoti za utafiti za mwaka wa tatu ninazosahihisha, za vijana waliokaa chuoni muda wote, na nashindwa kuapa kwamba wao wanaiona.

Kwa hiyo, kabla hujalipa ada ya kozi, nenda chuo unachotaka kikupokee, uliza: mtanihesabia krediti ngapi, kwenye programu ipi, na mtaniandikia? Wakijibu “tutaangalia”, usilipe kwanza. Na ule msimbo wa mraba chini ya cheti, uskani mwenyewe nyumbani kabla ya kuniletea, maana mara nyingi mimi nikiuskani naambiwa ukurasa haupo.