Je, wajua kifaa cha mkononi hunasaje zebaki iliyoyeyuka majini?

Maji ya bomba ya Jiji la Tanga hutoka katika Bwawa la Mabayani, linalojazwa na Mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, ambako katika miaka ya 2000 wachimbaji wadogo walitafuta dhahabu. Kwa kuwa wachimbaji wa aina hiyo aghalabu hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, ni haki kuuliza: mtu aliyesimama ukingoni na kifaa kinachoenea mkobani atajuaje kama maji yana metali isiyoacha rangi wala harufu?

Kinachotafutwa ni kidogo mno. Kwa metali ya risasi, kwa mfano, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, yaani gramu moja iliyotawanywa katika maboza kumi ya lita 10,000 kila moja. Kwa hiyo kifaa huanza kwa kukusanya. Kipande cha plastiki chenye elektrodi (vituo vya kupitishia umeme) za kaboni zilizochapwa juu yake hutumbukizwa katika sampuli iliyotiwa asidi kidogo, kisha elektrodi moja hupewa volti hasi, nazo ioni za metali, yaani chembe zilizoyeyuka zenye chaji chanya, huifuata na kuganda juu yake zikiwa metali kamili. Baada ya dakika chache volti hupandishwa taratibu, na kila metali hung'oka kwa zamu yake: zinki hutangulia, ikafuata kadimiamu, kisha risasi, halafu shaba. Inapong'oka huachia elektroni, na mkondo huo wa umeme huchorwa kwenye skrini kama kilima: mahali kilipo hutaja metali, na kimo chake hutaja kiasi.

Zebaki huchelewa zaidi, na uso unaoifaa ni wa dhahabu. Kinaya hiki hunifurahisha: mgodini zebaki hunasa dhahabu, kwenye kifaa dhahabu hunasa zebaki, na sababu ni ileile, kwamba metali hizi mbili hushikana upesi.

Maji ya mto yenye mabaki ya majani hupunguza wepesi wa elektrodi kuhisi metali, ndiyo maana mpimaji makini huongeza katika sampuli ileile kiasi cha zebaki anachokijua, akatazama kilima kimekua kwa kadiri gani. Hata hivyo, zebaki iliyoshikamana na tope haifiki kwenye elektrodi kabisa. Tope hilo sharti lipelekwe maabara na kuyeyushwa kwa asidi kali kabla ya kupimwa.