Draya ya gesi inazunguka lakini nguo zinatoka mbichi: utazame moto kabla ya kununua spea

Baridi ikiingia, simu ninazopigiwa zinafanana. "Fundi, draya inazunguka vizuri, lakini nguo zinatoka mbichi." Hapa Columbus, Ohio, nyumba nyingi ninazoitwa zina draya ya gesi, yaani mashine ya kukausha nguo kwa moto wa gesi, na wenzetu wengi, hasa familia zilizotoka Kongo, waliikuta imeshafungwa siku walipokabidhiwa funguo. Hakuna aliyewaeleza inavyofanya kazi, kwa hiyo ikiharibika wanabaki kumtegemea fundi yeyote atakayefika kwanza.

Mwaka jana niliitwa na mama mmoja mwenye watoto watano. Alikuwa amebadilishiwa kiwashi, kile kijiti kinachowasha gesi, mara mbili ndani ya mwezi mmoja na kulipa mara zote mbili, na nguo bado zilikuwa hazikauki. Aliniambia, "Baba fundi, mimi sielewi, ikianza inapata moto, halafu inanikataa." Kumbe ugonjwa wote alikuwa ameshautaja kwa sentensi hiyo moja. Iliniuma kwamba hakuna aliyemsikiliza.

Kwanza ujue draya yako ni ya aina gani. Ya umeme mtupu ina plagi kubwa ya volti 240. Ya gesi huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya volti 120, na nyuma yake kuna bomba la gesi lenye vali. Umeme unazungusha pipa na kuwasha moto. Joto lenyewe linatokana na gesi. Ndiyo maana pipa linaweza kuzunguka saa nzima bila joto lolote. Hakikisha pia hujachagua mzunguko wa hewa baridi, na kwamba mkono wa vali umelala sambamba na bomba. Ukikaa kama msalaba juu ya bomba, gesi imefungwa. Na ukisikia harufu ya gesi, kazi imekwisha hapo: usiguse swichi yoyote, toeni watu wote nje, na mpige simu kampuni ya gesi mkiwa huko huko nje.

Chini ya mashine, mbele, kuna chumba cha moto. Draya nyingi zina tundu dogo au kifuniko unachoweza kukifungua ili uone ndani. Zima taa za chumba, washa draya, piga magoti uchungulie. Sipimi kitu chochote kabla ya kuchungulia hapo.

Ikiwa nzima utaona hivi. Kiwashi, kijiti kidogo cha kauri, kinaanza kuiva, chekundu, halafu cheupe karibu kama kaa lililopulizwa. Pembeni yake kuna sensa inayosubiri joto hilo. Gesi inalindwa na milango miwili iliyofuatana ndani ya vali moja, na kila mlango unavutwa na koili yake, yaani waya uliosokotwa unaogeuka sumaku ukipitishwa umeme. Wakati kiwashi kinaiva, mlango wa kwanza umeshafunguka, ila wa pili umefungwa. Sensa ikiridhika kwamba kiwashi kimeiva, inakata njia yake ya umeme, na umeme huo unalazimika kupita kwenye koili ya pili. Utasikia "ta!", gesi inatoka, inakutana na kiwashi ambacho bado ni cha moto, na mwali wa buluu unaruka. Kuanzia mwanzo mpaka hapo huwa haizidi dakika moja au moja na nusu.

Kiwashi kisipoiva kabisa, kiko gizani tu, hapo ndipo pa kukishuku. Chomoa plagi, ondoa waya zake na upime kwa mita ya umeme ukinzani wake, unaosomwa kwa omu: kizima husoma kati ya omu 50 na 400 hivi, kilichokatika hakisomi kitu. Usikishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yanakiharibu, na kauri yenyewe huvunjika kirahisi. Kikiwa kizima, fuata njia ya umeme kurudi nyuma: sensa, themostati (swichi inayokata umeme joto likifika kiwango), fyuzi ya joto. Zikiwa baridi, zote zinapaswa kupitisha umeme. Fyuzi ya joto ikiungua, draya nyingine hazizunguki kabisa na nyingine zinazunguka bila joto. Nimewahi kuona fyuzi hiyo imerukwa kwa kipande cha waya ndani ya nyumba wanamolala watoto. Tafadhali, usifanye hivyo kamwe. Fyuzi imeungua kwa sababu mashine ilipata joto kupita kiasi, na chanzo karibu kila mara ni hewa isiyotoka.

Kiwashi kikiiva na kubaki kimeiva bila kuzimika, sensa imeganda, badilisha sensa.

Sasa turudi kwa yule mama. Nilipochungulia, moto uliwaka mara ya kwanza vizuri kabisa. Fundi mwenye haraka angefunga mfuniko hapo na kuondoka. Nilikaa chini nikangoja. Joto lilipofika kiwango chake, themostati ikazima moto kama inavyopaswa. Baada ya dakika chache kiwashi kikaiva tena, kikafifia, bila "ta!" wala mwali. Kikaiva tena, kikafifia tena. Hizo ni koili. Zikiwa baridi zinavuta, zikipata moto waya wake wa ndani unashindwa na mlango haufunguki. Ndiyo maana "ikianza inapata moto, halafu inanikataa".

Koili zinadanganya hata mita. Ukizipima zimepoa, kwenye vali nyingi utapata karibu omu 1,200 kwenye ile yenye vichwa viwili vya kuunganishia waya, na karibu 1,300 na 560 kwenye ile yenye vichwa vitatu, ukadhani ni nzima. Mimi nayaamini macho kuliko namba hizo. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zimeishi kwenye joto lile lile na kuzeeka pamoja. Kazi yenyewe ni kuchomoa waya na kufungua skrubu mbili tu. Bomba la gesi huligusi. Lakini ikiwa hata mara ya kwanza hakuna mwali, angalia kwanza kama gesi inafika, kwa mfano kama jiko la gesi la nyumba hiyo linawaka.

Kuna hali moja zaidi: mwali unawaka, unazimika upesi, unarudi, unazimika tena. Hapo lawama ni ya bomba la kutolea hewa. Nyuzinyuzi za nguo zimejaa, hewa moto hairuki nje, na themostati ya usalama inaukata moto. Toka nje ukaangalie mdomo wa bomba wakati draya inafanya kazi. Kama hewa haisukumi mkono wako, umepata jibu. Kwa draya ya gesi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu bomba hilo hilo ndilo linalotoa moshi wa gesi wenye kaboni monoksidi, hewa ya sumu. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani ilikadiria moto wa draya majumbani kuwa karibu 2,900 kila mwaka kati ya 2008 na 2010, na chanzo kikubwa kilikuwa kutosafisha.

Kwa mama yule niliweka koili mpya, nikaomba taulo tatu zilizolowa. Kuwaka mara moja hakunitoshi, kwa hiyo tulikaa wote sakafuni, taa zimezimwa, mwanawe mdogo akichungulia tunduni na kuhesabu kila "ta!". Alipofika ya nne, nikafunga mfuniko, nikavuta mashine kutoka ukutani, na tukalitoa bomba la kutolea hewa, la karatasi ya alumini, lililokuwa limepondeka na kujaa nyuzi, nikafunga la bati gumu la inchi 4.